Fremu ya Kumi na Tisa

Kamera ni ya Otwori. Saa kumi na mbili alfajiri
ataijia, ana harusi Njoro.
Nina usiku huu mmoja tu
na mkebe wa Kimbo uliojaa miaka ishirini ya baba.

Nimetundika blanketi dirishani.
Tableti ya shule ya Loyce imelala chali mezani,
ukurasa mweupe, mtupu, mwangaza hadi mwisho.
Filamu ya kwanza niliilaza juu yake moja kwa moja
nikapata watu waliojaa vitone, kama wana surua.
Ndipo nikajua: haitaki kulalia taa,
yataka kuelea kidogo.
Nikaiinua kwa vifuniko vinne vya soda
na kioo nilichokitoa kwenye fremu ya cheti changu cha ubatizo.
Lenzi inatazama chini
kama mtu aliyedondosha ufunguo kisimani.

Halafu vumbi.
Mtaa huu haukuitwa Kivumbini kwa masihara.
Upepo ukishuka Menengai hupeleka salamu kila nyumba,
na salamu zote usiku huu ni zangu:
unywele mmoja ni mjeledi shingoni mwa bibi harusi,
chembe moja ni jiwe jichoni mwa mtoto.
Napuliza kwa kile kipira
nilichokuwa nikimtolea Loyce kamasi.

Baba aliziita negativu.
Mwalimu wangu wa hesabu alisema hasi,
na kwamba hasi mara hasi ni chanya,
nami nikakariri bila kuamini.
Humu bibi harusi amevaa matanga,
gauni jeusi tititi, meno meusi,
lami ni nyeupe kama unga.
Kwenye kompyuta naushika mstari:
ncha ya juu naishusha, ya chini naipandisha,
na watu wanarudi katika ngozi zao
mmoja mmoja, wakishangaa.
Za rangi zinanisumbua. Zote ni kama zilichovywa
kwenye chai ya rangi, na siijui dawa yake
ila kubahatisha.

Bahasha zina penseli yake:
*Bi. Nyaboke na pacha. Kalipa 20, bado 15.*
*Karani wa reli. Hakurudi.*
*Yule wa kofia. Asidaiwe, kafiwa.*
Hiyo nimeisoma mara tatu.
Mtu aliyetugombeza kwa kijiko cha pili cha sukari
aliandika, akakaza penseli mpaka karatasi ikachubuka:
asidaiwe.

Saa nane stima ikapotea.
Mtaa mzima ukawa chumba cha giza,
kama kile choo cha nje alichokiziba kwa magunia
tukawa tunajisaidia kwa majirani.
Tableti iliendelea kuwaka. Kwa mara ya kwanza
sikuwatukana watu wa stima.

Mganga hajigangi, mpiga picha hajipigi.
Mkebe mzima, hayumo.
Mazishi alipiga, ubatizo alipiga,
mbuzi wa mtu aliyeshinda bahati nasibu alimpiga.
Yeye, hata bega.

Mpaka fremu ya kumi na tisa.
Wasichana watatu nje ya uwanja wa Afraha,
magauni ya kitambaa kimoja, soksi hadi magotini,
jua liko nyuma ya aliyeshika kamera.
Na pale miguuni mwao, kwenye ardhi, kuna mtu:
kofia, mabega,
viwiko vimetanuka kama masikio ya sufuria.

Uwanja uliokuwa na jua umekuwa giza.
Kivuli chake kimekuwa tundu,
na mwanga wote wa tableti unapitia hapo.
Niliweka mkono juu. Ulipita vidoleni mwangu.

Hii sikuigeuza.
Nyingine mia mbili na kitu ziko sawa, nyeusi ni nyeusi.
Loyce akiamka ataniuliza mbona hii haijaisha.

Otwori anabisha.
Namwambia ngoja kidogo,
lenzi imeingia vumbi, naipangusa.
Lenzi ni safi.